Nani Alilipa Nauli? Ulaya katika Nathari ya Wasafiri wa Kiswahili

Kwa ndugu waliobaki Tanga au Mombasa, mtu aliyehamia Sugar Land, kusini-magharibi ya jiji la Houston, yuko Ulaya tayari. Neno hilo, katika mazungumzo ya kila siku, halijawahi kuijali sana ramani: Ulaya ni kule kwa Wazungu, iwe London, iwe Texas. Lakini mkaazi huyohuyo wa Sugar Land, baada ya miaka ya kazi, hukata tiketi akaenda Ulaya ya kwenye ramani. Siku nne Lisbon, tatu Paris, wiki nzima Ujerumani. Hulala katika hoteli aliyoichagua mwenyewe, hula anachokitaka, na pengine hupoteza alasiri nzima katika duka la vitabu vya zamani bila kununua kitu. Hakutumwa na mtu. Akirudi, husimulia safari yake kwa picha na kwa sauti alizorekodi katika simu, na simulizi hizo hufutika pamoja na simu yenyewe. Kitabu haandiki.

Na akitafuta katika Kiswahili kitabu kilichomtangulia njia hiyo, vile vinavyotajwa zaidi katika historia ya fasihi viliandikwa na watu ambao nauli yao ililipwa na mwingine. Jambo hilo laonekana dogo, la mhasibu kuliko la mhakiki. Ukivisoma vitabu hivyo kwa kufuatana, hata hivyo, ndilo linaloamua karibu kila kitu: kipi kionekane, kipi kisifiwe, na kipi kisitajwe kamwe.

Utanzu wenyewe si mchanga. Sayyid Barghash alikwenda Uingereza mwaka 1875, na habari za ziara yake ziliandikwa na Zahir bin Said na kupigwa chapa London mwaka 1878. Lakini hizo ni za Kiarabu. Ham Mukasa alimfuata Katikiro Apolo Kagwa kwenye kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba mwaka 1902, na kitabu chake, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1904, kiliandikwa kwa Kiganda. Kiswahili kiliingia katika nathari ya safari za Ulaya kwa mlango mwingine, mlango wa darasa. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin taasisi ya lugha za Mashariki iliyokusudiwa kuwaandaa Wajerumani kwa kazi za makoloni na biashara, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo. Profesa alihitaji msemaji wa lugha. Msemaji alihitaji kusafirishwa. Na akishafika, alihitaji kuandika kitu ambacho wanafunzi wangesoma.

Hivyo ndivyo Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha Berlin tangu mwaka 1891, alivyoingia katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliochapishwa na C. G. Büttner mjini Berlin mwaka 1894. Huenda nathari ya Kiswahili juu ya Ulaya haina mwanzo mwingine ulio wazi zaidi ya huo, na ni mwanzo wa ajabu: mtu anaandika habari za mji kwa ajili ya wenyeji wa mji huohuo. Msafiri wa kawaida huandikia nyumbani, kwa watu wasioiona nchi aliyoiona. Amur anawaeleza Wajerumani Ujerumani. Wasomaji wake hawana haja ya kuambiwa reli ni nini. Wanachotaka ni kusikia reli inasemwaje kwa Kiswahili. Mshangao wake, kwao, ni zoezi la sarufi.

Mwenzake aliyemfuata ana hadithi kubwa zaidi. Selim bin Abakari, Mngazija, alikuwa mtumishi wa Theodor Bumiller, Mjerumani aliyewahi kuwa msaidizi wa Wissmann katika vita vya pwani. Mwaka 1896 alisafiri na bwana wake kwa kupitia Urusi hadi Siberia, na kurudi kwa njia ya nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Simulizi yake ilitiwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1901, na Lyndon Harries aliirudia pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1965. Ndani ya kitabu hicho cha Velten, safari nyingine ni za bara la Afrika, zile njia za misafara ambazo msomaji wa pwani alizizoea. Ya Selim imekaa katikati yao kana kwamba Siberia nayo ni bara la mtu wa pwani, mbele kidogo ya Unyamwezi.

Na ndivyo anavyoiandika. Hapo pana ubora wake. Selim hana maneno maalumu ya kuistahi Ulaya. Anatumia utaratibu uleule ambao msafiri wa bara angeutumia: tulitoka hapa, tukafika pale, watu wa hapo wanaishi hivi, wanakula hivi, desturi yao ni hii. Wakalmuki wa mlimani wanapata kwake maelezo ya namna ileile ambayo Wazungu wa zama zake walikuwa wakiwapa Waafrika, yenye udadisi na yenye kujiamini kidogo kupita kiasi. Wenyeji nao wanamkodolea macho yeye, mtu mweusi kuliko yeyote waliyepata kumwona, naye anayaandika macho hayo bila kulalamika, kama mtu anavyoandika hali ya hewa. Anapofika kwa Waislamu wenzake, nathari yake inalegea mabega. Ghafla si mtumishi wa mtu. Ni mgeni wa dini moja na wenyeji, mwenye cheo ambacho bwana wake hawezi kukipata kwa fedha.

Wahakiki waliozitaja kurasa hizo kwa kawaida wameuliza jambo moja: je, Selim ni shahidi huru, au ni kinywa cha Bumiller na kalamu ya Velten? Swali ni la haki, ila lina kasoro ya kutaka jibu moja kwa kitabu kizima. Nathari ya Selim haina kiwango kimoja cha uhuru. Palipo na bwana karibu, sentensi huwa fupi na zenye adabu, na hukumu haipo. Bwana akienda kuwinda au akilala, na Selim akabaki na watu wa jikoni, farasi na sokoni, maelezo hunenepa. Mtumishi huijua nchi kwa nyuma, kwa mlango wa jiko. Anajua kuni zinapatikanaje na nani anapika. Msafiri wa leo anayeshuka kwenye ukumbi wa hoteli iliyong'arishwa, akapewa ufunguo na tabasamu, haoni hata nusu ya hayo, na si lazima aone. Lakini ajue kuwa kuna Mswahili aliyeyaona miaka zaidi ya mia moja na ishirini iliyopita.

Linaloudhi zaidi ni lile lisiloandikwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha katika taasisi ileile. Alikaa Ujerumani sehemu kubwa ya umri wake uliobaki, alioa huko mwaka 1904, akaondoka kazini mwaka uliofuata, akajaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani na kuzuiliwa na serikali ya koloni asishuke naye, akarudi, akapata riziki yake kwa mihadhara katika miji mbalimbali, na akafa Berlin mwaka 1927. Huyu ndiye aliyeijua Ulaya kuliko wote: hoteli zake za bei nafuu, stesheni zake za usiku, kumbi zake, mahakama zake za mdomo pale mume mweusi anapopita barabarani na mke mweupe. Na kalamu alikuwa nayo. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 ambacho bila yeye tusingekuwa nacho, ni nguzo ya nathari yetu. Lakini katika yale ya Mtoro yaliyochapishwa na Velten, Mtoro anaeleza ndoa za pwani, ngoma za pwani, mazishi ya pwani, na safari yake ya Udoe na Uzigua. Alilipwa aieleze Afrika. Ujerumani yake hakuna aliyeiagiza, na kisichoagizwa hakikupigwa chapa. Pengo hilo si la bahati mbaya. Ni kipimo kamili cha namna soko la maneno lilivyopangwa: Mwafrika alikuwa mwenye mamlaka juu ya Afrika tu, hata baada ya kuishi robo karne kando ya mto Spree.

Kitabu cha tatu ndicho kinachochekwa zaidi, na ndicho kinachostahili kusomwa upya kwa subira. Martin Kayamba, Mbondei aliyesomeshwa na Wamisionari Kiungani, karani hodari wa serikali na mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika kilichoundwa Tanga mwaka 1922, alipelekwa London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba. Walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya mabunge mawili ya Uingereza iliyokuwa ikichunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Mwaka uliofuata Sheldon Press ya London ikatoa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Msomaji wa leo hukichoka kitabu hicho haraka. Sifa zinafuatana kama mabehewa. Kila alichoonyeshwa kilikuwa kizuri, kila aliyempokea alikuwa mpole. Rahisi kusema: kasuku wa serikali. John Iliffe, aliyeandika juu ya maisha ya Kayamba mwaka 1973, alimtazama kwa makini zaidi ya hapo, kama msemaji wa kundi lililonaswa kati ya watawala na watawaliwa. Uhakiki wa fasihi nao una la kuongeza, na linaanzia kwenye jina la kitabu. "Tulivyo-" inaeleza namna. Hakusema "tuliyoyaona", orodha ya vitu. Alisema jinsi tulivyoona. Na baada ya kuona kuna kufanya, tena kwa nafsi ya wingi. Watu wengi wanaokwenda kutazama hawaoni haja ya kutaja walichofanya. Kayamba anaitaja kwa sababu anajua kwamba katika safari hii wanaotazamwa ni wao.

Fikiri hali yenyewe. Mbele ya kamati limewekwa swali ambalo nyuma yake wamesimama walowezi wa Kenya, wakitumaini muungano utakaopanua nguvu zao hadi Tanganyika. Hoja mojawapo ya zama hizo ni kwamba Mwafrika hajakomaa kusema juu ya mambo yake. Basi watu watatu wanashuka melini, wanaketi kwenye meza ya hoteli ya London, wanashika kisu na uma. Kila chakula ni sehemu ya ushahidi. Kila salamu inapimwa. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuandika kwamba nyama ilikuwa haina chumvi, wala kwamba kitanda kilimuumiza mgongo, hata kama ndivyo ilivyokuwa. Akisema hivyo, hasomwi kama mgeni mwenye kuchagua. Anasomwa kama mshenzi asiyejua kizuri. Adabu ya Kayamba ni mkakati, na muungano ule haukupita safari hiyo, ingawa si haki kudai kwamba uma wake ndio uliouzuia. Gharama yake, kwa upande wa fasihi, ilikuwa kubwa: kitabu kizima hakina ladha. Kuna chakula ndani yake, ulimi haumo.

Na adabu hiyo haikutoka kwa Wazungu peke yao. Utamaduni wa pwani una sheria zake juu ya mgeni. Mgeni hasemi vibaya chakula cha mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msafiri wa Kiswahili aliyelipiwa nauli alikuwa na sababu mbili za kunyamaza, ya koloni na ya nyumbani kwao, na ya pili ilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Hoteli ndiyo iliyokuja kuivunja sheria hiyo, maana hoteli ni nyumba ambayo mgeni ana haki ya kununa. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha mitaani neno "hoteli" lilishika kwanza mahali pa kula chapati na chai, ambapo mteja hurudisha mchuzi uliopoa bila aibu, na pa kulala pakaitwa gesti.

Zamu ya anayejilipia mwenyewe ilichelewa. Adam Shafi, ambaye msomaji humjua zaidi kwa Kuli na Vuta N'kuvute, alisimulia katika Mbali na Nyumbani safari ya ujana wake kutoka Unguja kwa njia ya nchi kavu, akivuka Afrika Mashariki na Sudani akielekea kaskazini kutafuta elimu. Humo hatimaye msafiri ana njaa, na kwa kuwa ana njaa, chakula kina ladha. Senti zinahesabiwa. Watu ni wema au wabaya kwa sababu zao wenyewe, si kwa sababu kamati inasikiliza. Kama kitabu cha safari, kinawazidi wote waliotajwa hapa, na ubora huo hautokani na kipaji tu. Shafi hadaiwi shukrani na mtu. Lakini kitabu chake, ambacho utamu wake mwingi umo njiani, kinaichukulia Ulaya kama mahali pa kufika. Kustarehe huko, kuzurura katika mji wa kale kwa kupenda tu, bado hakujaingia.

Je, kuna haja kuingie? Wapo watakaosema starehe ya mtu aliyeshiba si jambo la fasihi, na kwamba Kiswahili kina madeni mazito zaidi ya kulipa kuliko habari za mkahawa wa Vienna. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba starehe ndiyo iliyokuwa imekatazwa. Amur alipewa kazi ya kushangaa, Selim ya kufuata, Mtoro ya kueleza kwao, Kayamba ya kushukuru. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuchoka na jumba la makumbusho akatoka nje kula aiskrimu.

Zaidi ya hayo, msafiri wa Sugar Land ana jicho ambalo wale wanne hawakuwa nalo. Mji anaotoka unaitwa kwa jina la sukari. Kiwanda cha Imperial Sugar kilifungwa mwaka 2003, viwanja vya zamani vya miwa vikawa mitaa ya nyumba mpya na bustani, na mgeni angedhani mji huo hauna historia ya kutazama. Mwaka 2018 wachimbaji wa msingi wa shule walifukua mifupa ya watu 95. Walikuwa Wamarekani weusi, wafungwa waliokodishwa na serikali kwa wenye mashamba ya miwa baada ya utumwa kufutwa rasmi. Mtu aliyeishi karibu na kiwanja hicho, akisimama mbele ya nyumba nzuri za mawe za wafanyabiashara wa Nantes, Bordeaux au Bristol, ana swali mdomoni ambalo kijitabu cha watalii huwa hakilijibu mapema: sukari iliyozijenga ilitoka wapi, na waliokata miwa walizikwa wapi? Swali hilo halimzuii kuagiza kahawa. Kahawa ni nzuri, na ameilipia. Uwezo wa kuyashika yote mawili kwa sentensi moja, utamu na hesabu yake, ndio ambao nathari ya safari ya Kiswahili imekuwa ikiusubiri.

Ratiba ya msafiri huyo ikimfikisha Berlin, anaweza kupanda treni hadi mtaa wa Wedding, ambako tangu Agosti 2024 barabara iliyobeba jina la Peters, yule Mkono wa Damu, imepewa majina mapya, na sehemu moja yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Neno la Kiswahili limesimama kwenye nguzo, kwa herufi za serikali ya mji, na wapita njia wengi hawana wa kuwatafsiria. Kutoka hapo si mbali na katikati ya mji ambako Amur na Mtoro walifundisha. Na akiingia katika duka la vitabu vikuukuu, yale yenye ngazi ya mbao na mwenye duka asiyeinua macho, huenda akaikuta Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901 kwenye rafu ya lugha za kigeni. Bei itakuwa kali. Pa kuikuta hapo pana matumaini zaidi kuliko Houston au Dar es Salaam, na akiinunua, itakuwa mara ya kwanza nakala hiyo kulipiwa na mtu aliyekusudiwa kuielewa.